Mikono Minne



Wengi wetu tulimfahamu mwindaji Allan Quatermain shuleni, katika Mashimo ya Mfalme Sulemani, riwaya ya Rider Haggard ya mwaka 1885 iliyotolewa kwa Kiswahili mwaka 1929. Tulidhani jina hilo limebuniwa. Kumbe Haggard, alipokuwa mtoto akisomeshwa nyumbani kwa mchungaji wa Kianglikana katika kijiji cha Garsington, Uingereza, alimfahamu mkulima mmoja aliyeitwa Quatermain, akampenda. Miaka mingi baadaye, alipotafuta jina la shujaa wake, alilikumbuka lile.

Ni jina la kale na adimu, lenye maana ya “mikono minne” katika Kifaransa cha zamani. Si mbali na Garsington, mahali paitwapo Rycote, lingalipo kanisa dogo lililojengwa mwaka 1449 na Richard Quatremayne na mkewe Sybil. Hawakujaliwa watoto. Waliliwekea kanisa lile mapadre na mali, ili roho zao ziombewe humo katika Misa daima. Haikutimia miaka 100: mwaka 1547 sheria ya Uingereza ilifuta misingi yote ya namna hiyo. Leo ukilitaja jina lao, watu humkumbuka mwindaji wa tembo ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Mambo haya yalitujia Novemba, mama mmoja mjane, asiye na mtoto, alipoleta bahasha ya marehemu wake. Alisita mlangoni, akasema, “Baba, nami nikifa, nani atakuja kuniandikisha?”

Tulimjibu upesi kwamba Kanisa huwaombea marehemu wote katika kila Misa. Ndivyo ilivyo, na tunaliamini kwa moyo wote. Lakini tuliona usoni pake kwamba hakuuliza hilo. Alitamani jina lake litamkwe, lile alilobatizwa nalo, pamoja na la ukoo ambao ungekoma kwake. Akaomba tumwahidi. Tukakumbuka kwamba mapadre huhamishwa, tukanyamaza kitambo kirefu kuliko ilivyofaa. Kisha tukaahidi kumtaja popote tutakapotumwa, maadamu tungali hai.

Jioni ile tuliwaandika pia Richard na Sybil Quatremayne katika daftari la nia za Misa. Asubuhi katekista aliyasoma majina yao herufi kwa herufi, akauliza ni wa jumuiya ipi.