Mbaazi Zetu Mjini Mumbai

Ndugu msomaji, je, umepata kujiuliza mbaazi zako huenda wapi? Mimi wa Nachingwea sikujiuliza, mpaka nilipokwenda Mumbai, nchi ya India, peke yangu, kumwuguza kaka yangu.

Nilishuka katika stesheni kubwa iliyojengwa zamani za Waingereza. Lo! Watu kama siafu! Honi, wachukuzi, na lugha nisizozijua. Kwa hofu nikakumbatia mfuko wangu, nikaegemea ukuta. Mama mmoja muuza chakula akanionyesha benchi, akaniletea wali na mchuzi wa manjano. Nilipoonja nilishtuka: mbaazi!

Ndipo nikakumbuka Agosti 2017. Wakulima wa India walikuwa wamevuna mbaazi nyingi mno, na serikali yao ikaweka kikomo kwa zile za kutoka nje. Kwetu Nachingwea na Ruangwa bei ikaanguka, magunia yangu yakabaki ndani. Nilimlaumu mchuuzi wa kijijini. Kumbe neno lilitoka mbali, kwa wakulima kama mimi.

Basi, msomaji mpenzi, kabla ya kupanda uliza habari za soko, wala usitegemee zao moja tu.