Ole, Pemba: Barabara ipo, gari je?

Mzazi mwenzangu, ukiwauliza wanangu Ole iko wapi watakujibu kwa neno moja: kwa bibi.

Tulikwenda kumtazama Ijumaa moja. Tulipanda boti Unguja, tukashuka Mkoani, tukachukua gari hadi Chake Chake, kisha tukasubiri gari ya Konde. Ole iko kwenye njia hiyo, kaskazini ya mji wa Chake, katika Mkoa wa Kusini Pemba. Anayeitazama kwenye ramani atasema wenyeji wamebahatika. Lami inapita, na hapo hapo inaanzia barabara ya Ole–Kengeja, kilomita 35, inayoelekea kusini hadi wilaya ya Mkoani.

Lakini bibi hakai barabarani. Ukishuka garini kuna njia ya miguu, kilima na bonde, mikarafuu huku na migomba kule. Jua likiwaka unapita vizuri. Mvua ikinyesha udongo unateleza, na mwenye mtoto mgongoni hutembea akihesabu hatua.

Usiku wa pili mdogo wetu akapandwa na homa kali. Ilikuwa saa tano, gari za abiria zimeshalala. Nikasema tumpeleke hospitali ya Chake.

"Kwa gari gani, mwanangu?" bibi akaniuliza.

Kijana wa jirani ndiye aliyetuokoa. Alitoa vespa yake, nikamfunga mtoto kifuani kwa kanga, tukaondoka. Alipata dawa, na alfajiri joto likashuka. Tuliporudi bibi alitusimulia kwamba enzi zao mgonjwa alilazwa kitandani na wanaume wanne wakambeba hadi barabarani.

Watu nao wameongezeka. Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 543,441 Pemba nzima. Mwaka 2012 walikuwa 406,848. Kusini Pemba peke yake walitoka 195,116 hadi 271,350. Kwa hesabu ya nyumbani, palipokuwa na watu watano sasa wapo saba. Wote hao wana safari: sokoni, hospitali, skuli, na msimu wa karafuu na magunia yao.

Kabla hatujaondoka nilikaa na bibi na shemeji zangu tukapanga mambo matatu, na nakuomba nawe uyapange ikiwa una wazee au watoto shamba.

Kwanza, namba za simu za watu wawili wenye chombo cha usafiri zimeandikwa ukutani, nao wameombwa mapema, si usiku wa dharura. Pili, fedha ya safari ya hospitali imewekwa kando na haiguswi kwa sukari wala vocha. Tatu, shemeji mwenye mimba atahamia kwa ndugu yake mjini wiki chache kabla ya siku zake, asingoje uchungu umkute bondeni.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa barabarani tukisubiri gari. Tuliwakuta watoto wa skuli wamesimama, sare safi, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Gari ya kwanza ilipita imejaa. Ya pili ilisimama. Utingo akatuita sisi wenye mizigo na nauli kamili, wanafunzi akawaambia wangoje nyingine. Mume wangu akamwambia, "Wapakie hawa kwanza, sisi tutasubiri." Utingo akanung'unika, lakini abiria wawili wakasogea, na watoto wanne wakapata nafasi.

Waliobaki wakaanza kutembea, wamejipanga upande wa kulia ili wayaone magari yanayokuja mbele yao. Mwanangu mkubwa akawatazama mpaka wakapotea kwenye kona.

"Mama, hawa watafika saa ngapi?"

Sikuwa na jibu.