Pikipiki Iliyumba, Mbuzi Nusura Auzwe

Barabara zetu za Kalimoni huku Juja zina visa: kiangazi ni vumbi na mashimo, masika udongo mweusi hunata kama gundi. Siku moja nilikuwa nimempakia mama watoto pikipiki ikayumba, tukaponea chupuchupu kutumbukia mtaroni. Fundi mmoja akaniambia ninunue springi mpya za nyuma. Nikaanza kumtafutia mteja mbuzi niliyemtengea karo ya mtoto.

Jirani yangu, mzee aliyeendesha pikipiki miaka mingi, akanizuia. Alipima upepo asubuhi, tairi zikiwa baridi. Ya nyuma ilikuwa imejazwa ikawa ngumu kama jiwe, hivyo ilirukaruka badala ya kushika ardhi. Tukaupunguza hadi kipimo cha kitabu cha pikipiki. Kisha akainua gurudumu la mbele, akalisukuma mbele na nyuma, likacheza. Beringi za usukani zilikuwa zimelegea, akazikaza. Mwisho akazungusha pete za springi za nyuma, pande zote mbili sawa, zimudu watu wawili.

Gharama? Chai na mandazi tu. Mbuzi yungali zizini, na mama watoto amekubali kupanda tena. Msomaji, kabla ya kufungua mfuko, shika spana kwanza.