Mkwaju Uliogeuzwa: Jamaa Walivyowalinda Wateja wa Jana, Bili Ikaja Kwako

Umewahi kujiuliza kwa nini Windows inaandika C:\Picha, halafu kwenye anwani za intaneti mkwaju unalalia upande mwingine? Chanzo ni waandishi wachache wa programu pale Microsoft, watu ambao majina yao hayatajwi sana.

Mwaka 1981 kompyuta ya IBM iliingia sokoni na DOS ya kwanza. Disketi yake ilibeba kilobaiti 160 tu, kwa hiyo folda hazikuwepo. Mafaili yote yalikaa sehemu moja. Mkwaju wa kawaida ulishapewa kazi nyingine, kuiongezea amri maelekezo. Ukiandika FORMAT /S, disketi inaandaliwa na kuwekewa mafaili ya kuwashia kompyuta.

Mwaka 1983 ikaja diski ngumu ya megabaiti 10. Hapo bila folda ni vurugu tupu. Jamaa waliijua Unix, kampuni yao yenyewe iliuza Xenix, na huko folda hutenganishwa kwa /.

Ishu ikawa moja. Watu walishazoea kuandika DIR/W ili kuona orodha kwa upana. Sasa kama / ni ya folda pia, kompyuta itajuaje kwamba W ni maelekezo na sio folda? Kubadilisha kungewavuruga wateja waliokwisha lipa. Wakageuza mkwaju: \.

Lakini roho iliwauma kidogo. DOS 2.0 ilikuwa na mpangilio uitwao SWITCHAR: ukiweka alama ya - kwenye amri, / inabaki huru kwa folda. Wengi hawakuugusa, na baadaye ukaondolewa.

Leo binti anajifunza Python kwenye laptop ya Windows. Anaandika "picha\nembo.png". Python inaona \n, inaelewa mstari mpya, faili halipatikani. Anakesha, anaanza kuamini kazi hii ni ya wenye akili kuliko yeye. Kumbe anapambana na uamuzi wa kabla hajazaliwa! Dawa yake ndogo tu: andike "picha/nembo.png". Windows yenyewe inaikubali, kwa sababu ndani ya mfumo / ilikubalika tangu DOS 2.0.

Jamaa hawakuwa wabaya. Walimhurumia mteja aliyekuwa mbele yao, wa kesho hakuwepo kulalamika.

Ungekuwa wewe, ungewaudhi wateja wa siku ile au ungegeuza mkwaju?