Bibi wa Muheza

Dada yangu alimwonyesha binti yangu picha kwenye simu: marehemu mama amekaa jamvini, mjukuu wa mwaka mmoja na kitu yuko mapajani mwake. "Huyu ni mimi," mtoto akasema. Na huyu mwingine? Akafikiri kwa adabu, akajibu: "Ni bibi wa Muheza." Jibu ni sahihi. Analijua kwa sababu tumemfundisha, kama tulivyomfundisha kwamba mji mkuu wa Tanzania ni Dodoma.

Dada akaenda jikoni kulia. Mimi nilikasirika, na nikashindwa kupata wa kumkasirikia.

Mama alikaa kwetu Mbagala tangu nilipojifungua mtoto huyu mpaka ugonjwa ulipomrudisha nyumbani. Ndiye aliyemsimamisha dede katikati ya ukumbi, akimwachia kidole kimoja kimoja. Ndiye aliyemfundisha kunywa kwa kikombe, kunawa kabla ya kugusa chakula, kuvua viatu mlangoni, kuitika "abee". Walitaniana kama ilivyo desturi ya bibi na mjukuu: mama akimwita "mke mwenzangu", akimshtaki mbele ya wageni kwamba amemnyang'anya mume, na mtoto akicheka bila kujua anachekea nini. Tulipomzika, mtoto alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Sasa yuko darasa la kwanza na meno ya mbele hana.

Na anamenya mbaazi vilevile kama mama. Mimi huanza na kikonyo. Yeye hukandamiza ubavu wa ganda kwa ukucha wa gumba mpaka ulie, kisha gumba linapita ndani mara moja na punje zote zinadondoka sufuriani. Ganda analitupa pembeni bila kuangalia, na mara nyingi linakosa beseni. Hata kukosa huko ni kwa mama. Hakuna mwingine nyumbani anayemenya hivyo, wala mimi niliyezaliwa na mwenye ufundi huo sikuushika.

Zamani mtoto alikuwa akimkumbuka bibi yake. Siku za matanga alimwita, akachungulia nyuma ya mlango wa chumba alichokuwa akilala. Wanaochunguza mambo haya wanasema mtoto wa miaka mitatu anaweza kukusimulia jambo la miezi mingi nyuma, lakini kadiri anavyokua, hasa akikaribia miaka saba, mengi ya miaka ile ya mwanzo yanafutika. Watu wazima walio wengi hawana kumbukumbu yoyote ya kabla ya miaka mitatu hivi. Mikono haimo katika hesabu hiyo. Mwaka 1953 huko Marekani, kijana mmoja, Henry Molaison, alipasuliwa ubongo kutibiwa kifafa, na tangu hapo hakuweza kushika kumbukumbu mpya. Mtafiti Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota akitazama mkono wake kwenye kioo tu, jambo gumu kwa yeyote. Siku baada ya siku akachora vizuri zaidi, na kila siku aliapa hajawahi kuifanya kazi ile. Nimekifikiria sana kisa hicho nikiwa nimekaa na sufuria ya mbaazi.

Msiba una taratibu zake. Watu wanakuja, wanapika, tanga linaanuliwa, hitima inasomwa, arobaini inapita. Kwa hasara hii nyingine, ya mtoto kumsahau bibi yake, hakuna anayeleta hata kilo ya mchele. Asubuhi zile mama alipokuwa akimsimamisha mtoto dede, tulikuwa watatu. Mmoja yuko kaburini, wa pili amesahau, nimebaki mimi, na kumbukumbu isiyo na wa kuithibitisha huanza kunitia shaka. Je, mama alikuwa akiimba wakati wa dede, au nimemwekea wimbo mimi?

Tena hasara hiyo inarudi nyuma mpaka kwangu. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, watoto wenye afya huanza kutembea peke yao kati ya miezi 8 na 18 hivi, kwa hiyo sote hatua zetu za kwanza tunazijua kwa kuambiwa. Zangu alikuwa nazo mama. Alizisimulia, nakumbuka kulikuwa na ua wa babu na kulikuwa na kuku. Kama kuku alinikimbiza au nilimkimbiza, ajuaye ni yeye.

Dada ana dawa yake. Kila mtoto akifanya jambo humwambia, "Hilo alikufundisha bibi yako." Mtoto huitika, "Ndiyo, mama mkubwa," akaendelea na shughuli zake. Nilikuwa nikiona tunamtwika mzigo wetu, maana tuliofiwa ni sisi, na kumtaka atusaidie kulia si haki. Kisha nikasoma habari za Wamaori wa New Zealand: utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta kumbukumbu zao zinaanzia kabla ya miaka mitatu, mapema kuliko za wenzao wenye asili ya Ulaya, na watafiti wakahisi sababu ni uzito ambao jamii hiyo inaupa mambo ya kale. Huenda dada ana hoja. Hata hivyo, simsimulii mwanangu alichofundishwa. Namsimulia bibi mwenyewe, bahili wa sukari, aliyesikiliza matangazo ya vifo redioni na kuuliza huyu naye ni wa ukoo gani.

Mwezi uliopita baba yake alimnunulia baiskeli ya mtumba. Jioni, magoti yamechubuka, akaniuliza kama bibi wa Muheza alijua kuendesha. Sikujua. Nikampigia dada, naye hajui. Tukampigia mjomba, mdogo wake mama, ambaye alicheka mpaka akakohoa. Alijua sana, akasema; alikuwa akiiba ya babu mchana, mzee akilala. Na lile kovu la gotini, ambalo maisha yetu yote tuliambiwa ni la jembe, ni la baiskeli ile.