Inchi na Kilo

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Land Cruiser za utalii zilijazana gereji za Unga Limited, Arusha, kila masika ilipoanza kuwapunguza wageni. Msimu ukiwa juu, hakuna mwenye gari aliyekubali gari lake lilale juu ya magogo hata siku moja. Mvua zikishika, wote walikuja kwa mpigo. Mimi nilikuwa spana boi kwa fundi mmoja tuliyemwita Mzee tu, na kazi iliyotulisha kuliko zote ilikuwa springi za nyuma.

Sababu ilikuwa wazi kwa yeyote aliyelala chini ya magari yale. Yalitoka kiwandani yakiwa pikapu au gari la kubebea watu na mizigo, kisha hapa mjini chesesi ikakatwa na kurefushwa, likajengwa bodi la viti saba, paa la kufunguka, friji, tangi la pili la dizeli, na spea taya mbili mlango wa nyuma. Karibu uzito wote huo uliangukia ekseli ya nyuma. Toyota walipotoa toleo la 1999, mbele waliweka koili, nyuma wakaacha springi za mabapa. Walikuwa na haki yao: bapa linabeba mzigo, na lenyewe ndilo linaloishika ekseli isisogee mbele wala nyuma. Tena likivunjika porini, dereva anayejua kazi atalifunga kwa mpira wa tyubu na kujikokota mpaka mjini.

Halafu kuna njia yenyewe. Lami ilipofika lango la Loduare watu walishangilia, ila safari ya Serengeti ilikuwa bado mbichi: ukingo wa kreta, mteremko wa kuelekea tambarare, Naabi, mpaka Seronera, yote changarawe yenye vijituta visivyoisha. Kila kijituta hulikunja bapa kidogo na kuliachia. Chuma hakichoki kwa mzigo mmoja mkubwa, huchoka kwa kukunjwa na kuachiwa maelfu kwa maelfu. Mara nyingi ufa huanzia kwenye tundu la senta bolti, ile inayoyabana mabapa pamoja, ama pale ncha ya bapa la chini inaposugua la juu yake.

Wenye magari hawakuyaona hayo. Waliona gari limelala mkiani, matairi yanasugua bodi, difu inagonga raba yake kila shimo. Basi walikuja na ombi moja: "Mzee, nipandishie inchi mbili."

"Shikamoo kwanza," Mzee alikuwa akiwatania, kisha anauliza, "Unabeba kilo ngapi?"

Wengi hawakuwa na jibu. Gereji za jirani hazikuuliza. Zilikuwa na njia zake za kulipandisha gari kabla ya saa sita mchana: tofali la chuma kati ya springi na ekseli, sheko ndefu kuliko za kiwandani, au bapa moja nene la lori lililochomekwa katikati ya mabapa ya Land Cruiser. Kwa macho gari lilipanda kweli. Ila kwa tofali na sheko, springi iliyochoka ilibaki ndiyo inayobeba, na lile bapa la lori lilichukua karibu mzigo wote peke yake huku wenzake wamekaa bure. Wageni wakashuka wamejishika viuno. Wengine walizipasha springi moto na kuzikunja upya kwa nyundo. Mzee hakuigusa kazi hiyo. Chuma cha springi kimepewa ugumu wake kwa joto lililopimwa. Ukikichoma kwenye mkaa kwa kukadiria, kinainuka leo na kulala tena kabla msimu haujaisha.

Nakumbuka gari moja lililokuja likienda ubavu. Dereva kanyoosha usukani, mkia uko upande. Tukaingia chini. Upande wa kulia senta bolti ilikuwa imekatika na ekseli imerudi nyuma. Tulipoachanisha mabapa, la pili lilikuwa vipande viwili. Mzee akanisogezea uso wa mvunjiko, nusu una kutu nyeusi, nusu unameta.

"Chalii wangu, ona. Hii ya kutu ilianza zamani, watu wanapanda tu. Hii inayong'aa ndiyo ya safari hii."

Alibadilisha pande zote mbili, japo kushoto palionekana pazima. Springi mpya upande mmoja na kuukuu upande mwingine hulifanya gari liiname, na breki zikikamatwa linavuta.

Kazi yenyewe ilikuwa na utaratibu ambao mpaka leo mikono yangu inaufuata. Nati zilegezwe matairi yakiwa bado chini. Magurudumu ya mbele yawekewe kabari, chesesi ikae juu ya magogo, na jeki ya pili iishike ekseli, maana ikining'inia itavuta mpira wa breki. Yuboti za zamani, zile zinazoifunga springi kwenye ekseli, hazirudi. Zimeshavutika, zinanunuliwa mpya. Springi isifungwe kinyume, kwa kuwa mara nyingi senta bolti haiko katikati kabisa, na kichwa chake lazima kizame kwenye tundu la kikalio cha ekseli. Yuboti zikazwe kwa kukingama, kidogo huku, kidogo kule. Kama gari limepanda, unatazama pia kama mpira wa breki na shokapu vinafika, na pembe ya propela isiwe kali. Bolti za bushi ndizo za mwisho: zinakazwa gari likiwa limeshushwa, limesimama kwa uzito wake. Ukizikaza likiwa juu, raba inakuwa imejipinda tangu siku ya kwanza, na haichelewi kuchanika.

Mabapa ya zamani hayakutupwa. Wahunzi waliyafuata wenyewe, wakayageuza sime na mapanga, kwa sababu hakuna chuma rahisi kupatikana kinachoshika makali vile. Kwa springi mpya, Mzee alimwambia kila dereva arudi baada ya safari ya kwanza, yuboti zikazwe tena, kwani mabapa mapya hujikandamiza yakishaanza kubeba. Waliorudi walikuwa wachache. Tuliowaona tena haraka, na senta bolti zilizokatika, walikuwa wale ambao hawakurudi kukaza.

Sasa nina gereji yangu, na springi zinazotoka Australia zinauzwa kwa uzito: unachagua seti ya gari tupu, au ya mzigo wa kudumu wa kilo kadhaa. Swali la Mzee limechapwa kwenye katalogi. Hata hivyo wateja bado wanaanza na inchi, wengi wao vijana wanaotaka gari lisimame juu mjini. Siwalaumu, gari lililopanda linapendeza. Nawaomba tu wapakie kwanza kila kitu wanachosafiri nacho, mafuta yakiwa yamejaa, tupite kwenye mizani, halafu ndipo tuzungumze urefu.