Vidonge vya Bibi Harusi na Maji Yetu



Sisi tunaoshona nguo za maharusi hapa Manundu, Korogwe, tunasikia mengi wakati wa kuchukua vipimo. Kila msimu linarudi lile la vidonge vya kuchelewesha hedhi ili isiangukie siku ya harusi. Hukumu yake waulizeni masheikh, na dozi yake muulizeni daktari. Sisi tunauliza jingine: vile vinavyobaki vinakwenda wapi? Jibu tunalopewa na wengi ni chooni.

Hata kilichomezwa hakibaki chote mwilini, kingine hutoka na haja ndogo. Huku kwetu vyoo vya shimo ni vingi, na Mto Pangani unapita hapa mjini. Unaanzia huko Kilimanjaro na Meru, unaishia kwenye bahari hiyo hiyo mnayooga ninyi wa Unguja na Pemba.

Huko Kanada, kuanzia 2001, watafiti walitia homoni ya vidonge vya uzazi wa mpango katika ziwa dogo la Ontario kwa miaka 3, kiasi kidogo mno. Samaki madume wakaanza kutengeneza protini ya mayai, na aina moja ya visamaki ikakaribia kutoweka ziwani humo. Kisha 2022 ukatoka utafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha York cha Uingereza, uliopima mito 258 katika nchi 104. Miongoni mwa miji iliyokutwa na dawa nyingi zaidi mitoni ni Lahore, La Paz na Addis Ababa. Addis si mbali na sisi.

Sasa wataalamu wanatengeneza viroboti (si viroboto, msianze kujikuna!) vyembamba kuliko unywele, vya kusafisha maji. Huko Jamhuri ya Czech, Profesa Martin Pumera na wenzake wana vya aina kadhaa. Baadhi husukumwa na mapovu, vingine huvutwa kwa sumaku. Uchafu hunasa juu yake, kisha sumaku huvikusanya vyote, mfano wa sisi tunavyookota pini zilizomwagika sakafuni. Tumependa akili hiyo, mashaallah. Lakini hiyo ni kazi ya maabara bado, na baadhi ya vile vya mapovu huhitaji kemikali nyingine ili viende. Mto Pangani wakati wa masika hauvingojei.

Dada mmoja alituambia maji yasipobadilika rangi, ladha wala harufu ni tohara, basi tunahangaika nini? Kwa udhu, sawa, hatubishani naye. Ila tohara ni jambo moja na madhara ni jingine, na dini yetu imekataza kudhuru. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikataza hata kukojoa kwenye maji yaliyotuama.

Basi masomo mnaowaweka maharusi ndani, kabla ya liwa na singo, ulizeni na habari ya vidonge. Anunue vya siku alizoandikiwa tu. Antibiotiki azimalize kama alivyoelekezwa, asimgawie wifi. Vikibaki, aulize kwanza duka la dawa kama watavipokea. Wasipopokea, avitoe kwenye pakiti, avichanganye na machicha ya chai au kahawa, avifunge kwenye mfuko na kuvitupa na taka, mbali na watoto. Chooni hapana, na mtoni hapana.